Usimtazame, Mpapase

Mimi si mtu wa kushangaa ovyo. Nimezaliwa hapa Mtinko, nimeolewa hapa hapa, nimeona ukame na nimeona mafuriko, nimemwona mume wangu Zefania akirudi kutoka Rungwa kwenye mizinga yake na uso umevimba kwa nyuki mpaka watoto wakamkimbia baba yao. Nilishika kiuno nikacheka. Lakini mwaka huu Mama Pendo na punda wake wamenishangaza mara mbili, na ile mara ya pili mpaka leo sijapona.

Mama Pendo jina lake ni Felista. Mimi na yeye tumetenganishwa na ua wa minyaa, na ua wenyewe una pengo ambalo hatujawahi kuliziba kwa sababu ndipo tunapopitishiana moto na maneno. Ni mjane. Mumewe amelala nyuma ya tembe lao, na kila asubuhi kabla hajafanya lolote anafagia pale kaburini, halafu uani, halafu ndipo anawasha jiko. Analima mtama na alizeti. Goti lake la kulia ni bovu tangu alipoanguka majabalini akikata kuni, na ukimwambia apumzike anakuuliza nani atakayefanya kazi wakati yeye amepumzika. Ni mtu mgumu. Nampenda, lakini ni mgumu kuliko jiwe la kusagia.

Maji yetu hapa si shida mvua zikiwepo. Shida ni kiangazi, visima vya karibu vikikauka, inabidi kwenda kule mbugani kuchimba kwenye mchanga. Ni mwendo. Bila punda, mtu mwenye goti kama lile hawezi, na Mama Pendo alikuwa na punda mmoja mzee ambaye mwaka jana, Oktoba, alianguka njiani na madumu yake na hakuinuka. Tulimwona Mama Pendo akirudi kijijini peke yake, amebeba tandiko kichwani. Hakulia. Alilitundika ukutani, akachukua ndoo, akarudi kwa miguu kufuata yale maji.

Binti yake, Pendo, ni fundi cherehani Singida mjini. Alipopata habari alikuja siku ile ile, na mimi nikaitwa niwe shahidi.

"Mama, funga nyumba twende," Pendo alisema. "Chumba kipo, bomba liko mlangoni."

"Na baba yako nimwachie nani?"

"Baba amekufa, mama."

"Ndiyo maana hawezi kujifagilia."

Walivutana hivyo mpaka ugali ukapoa. Mwishoni Pendo akakubali kwa shingo upande. Atamletea mama yake punda mwingine. Punda huyo akifika Oktoba ijayo akiwa na nyama mwilini, ananyanyua maji bila kuyumba, mama anabaki kwake na neno la kuhama halitasemwa tena. Akifa, au akibaki mifupa, mama anafunga mlango na kwenda mjini bila ubishi. Mama Pendo alikubali akiwa amesimama, kama mtu anayekula kiapo. Mimi niliona ni mapatano ya kijinga, lakini nani aliniuliza?

Punda aliletwa kutoka Mgori mwezi wa tatu, mvua zikiwa bado zinanyesha. Nilipomwona akipita kwenye ua wetu nilidhani ni ngozi iliyoanikwa inatembea. Mbavu nje, shingo kama ubao, makalio yameingia ndani. Watu walitoka majumbani kumtazama. Mtoto mmoja akauliza kama amekufa. Mama Pendo akamwita Tajiri.

"Tajiri wa nini sasa?" nilimuuliza.

"Wa kesho," akanijibu.

Ng'ombe wa maskini hazai, nilijisemea moyoni, na punda wake ndiyo kabisa. Habari za huyo punda mifupa zilienea upesi, mpaka ng'ambo ya mbuga kwa akina Yasinta, ambako watu walikuwa hawajamwona lakini walikuwa wanamsimulia vizuri kuliko sisi tuliomwona. Nawaomba mkumbuke hilo, maana ndilo lililotuponza.

Bwana mifugo wa kata, kijana mmoja mpole anaitwa Gerald, alikuja na pikipiki yake akamwangalia meno, akayachonga yale yaliyokuwa yanamchoma shavu, akampa dawa ya minyoo. Halafu akamwita Mama Pendo karibu.

"Shikamoo mama. Sasa nisikilize. Usimtazame, mpapase. Manyoya yanadanganya, hasa upepo wa Juni ukianza, anaota manyoya marefu unadhani amenenepa. Weka kiganja ubavuni. Kunja ngumi yako, pitisha vidole vya mkono mwingine juu ya vile vifundo. Mbavu zake zikiwa hivyo, amekonda. Sasa nyoosha kiganja, pitisha vidole mgongoni mwa hicho kiganja. Zikiwa hivyo, ametimia."

Mama Pendo alikunja ngumi, akanyoosha, akakunja tena. Na mimi nikajikuta nafanya vile vile kule penye pengo la ua.

Gerald akamwambia tumbo la punda si tumbo la ng'ombe, asimshindilie. Majani makavu kwa wingi, mashudu ya alizeti kiganja kimoja kwanza na kuongeza taratibu, chumvi ya kulamba, maji safi. Na juu ya yote apumzike, asibebe kitu mpaka nyama zirudi. Mama Pendo aliuliza habari ya alama. Hapa kwetu kila nyumba ina alama yake, mkato wa sikio au chapa ya moto pajani, na mnyama asiye na alama ni kama mtoto asiye na jina. Gerald akasema kidonda kwa mnyama aliyedhoofika si kizuri, nzi watamsumbua, asubiri kidogo.

Mama Pendo akasubiri. Mwezi wa tano Tajiri alikuwa na nguvu za kutosha kukatwa masikio yote mawili, lakini kila nilipomkumbusha aliona huruma. "Ameteseka vya kutosha," anasema. "Nimkate tena?" Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Nilimwambia hivyo hivyo usoni, akanipa mgongo.

Na kweli alikuwa ananenepa! Hilo sitalificha. Kila jioni Mama Pendo alisimama naye uani, kiganja ubavuni, macho amefumba, kana kwamba anasikiliza redio. Alimkatia majani majabalini. Alimchana kwa gunzi la mahindi. Na ili Tajiri apumzike, maji alibeba mwenyewe kichwani, na lile goti lake. Nilimsikia alfajiri akipita na ndoo, hatua moja nzito, moja nyepesi, nikawa nakasirika kitandani kwangu. Mtu ana punda zizini na anabeba maji kwa kichwa! Lakini mwezi wa tano ulipoisha, yule punda alikuwa na mgongo kama benchi la kanisani. Ungemwambia mtu wa ng'ambo kwamba huyu ndiye ile mifupa ya Mama Pendo, angekucheka.

Basi tukavuna. Mavuno yakiisha, hapa kwetu mabua yanafunguliwa. Yaani shamba linakoma kuwa la mtu. Wazee wanatangaza, na kuanzia hapo mifugo ya kila nyumba inaingia popote, inakula mabua na masazo bila kuulizwa. Ni wakati mzuri, kila mnyama anashiba. Na kuna desturi nyingine inayokwenda pamoja na hiyo. Punda ukimkuta huru kwenye mabua, na wewe una mzigo, unaweza kumchukua ukambebesha, mradi umrudishe ulipomtoa na umpe chumvi kidogo. Mwenye alama yake watu wanamwogopa, maana wanajua watamkuta mwenyewe mnadani. Asiye na alama anaitwa punda wa mabua, na huyo ni wa wote.

Mama Pendo akamfungulia Tajiri. Kila alfajiri alimtoa zizini, naye alijua njia, anashuka mpaka kwenye mashamba ya kule mbugani, jioni anarudi mwenyewe.

Wakati huo huo, akina mama wa jumuiya yetu ya kanisani walikutana. Yasinta ndiye mwenyekiti, mwanamke mwenye sauti ya kengele na moyo wa dhahabu. Akasema ni aibu, mjane mwenye goti bovu anabeba maji kichwani na sisi tunamwangalia. Tumpelekee maji kwa zamu mpaka mvua zirudi. Wote tukapiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wote. Mama Pendo alipoambiwa aliinama akashika miguu ya Yasinta, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya kwa mtu yeyote.

"Sasa Tajiri atapumzika na mimi nitapumzika," aliniambia penye pengo, na akacheka. Alikuwa na furaha, nawaambia. Kila asubuhi madumu yaliletwa mpaka jiwe kubwa la njiani, pale chini. Kutoka pale watu waliyabeba kichwani, kwa sababu uani kwake alizeti zilikuwa zimeanikwa na hakuna anayeingiza punda kwenye alizeti za mtu. Pipa lilijaa. Mama Pendo alilifunika na kulishukuru kama vile lilikuwa linamsikia.

Halafu Tajiri akaanza kukonda.

Mwanzo alikataa kuamini. Upepo wa Juni ulikuwa umeanza, ule unaoingia mpaka kwenye mifupa, na Tajiri alikuwa ameota manyoya marefu kama kondoo. Kwa macho alikuwa sawa. Lakini jioni moja nilimsikia Mama Pendo akiniita kwa sauti ambayo si yake. Nikapenya kwenye minyaa, utomvu ukaniharibia kitenge.

"Weka mkono," akasema.

Nikaweka. Vifundo vya ngumi. Kimoja, kingine, kingine.

"Mabua yamejaa," akasema. "Anakula kutwa. Anakondeshwa na nini?"

Gerald akarudi na dawa ya minyoo. Meno yalikuwa sawa. Kinyesi kilikuwa sawa. Mama Pendo akaanza kusema kuna jicho baya. Siku nyingine alisema labda mumewe amekasirika. Nilipomgeuza manyoya ya mgongoni nikaona kitu kingine. Ngozi ilikuwa imechubuka, na juu ya mabega kulikuwa na kidonda kibichi, cha upana wa kisosi. Damu ikanipanda.

"Hili ni tandiko," nikasema. "Huyu mnyama anabebeshwa. Kuna mshenzi anamtumia punda wako, na mimi nitamjua, na siku nikimjua atatafuta kijiji kingine cha kuishi!"

Nilikesha nikimlaani mtu huyo. Nilimlaani na ukoo wake, mpaka Zefania, ambaye alikuwa amerudi kutoka Rungwa wiki chache zilizopita, akaniomba nimwache alale kwa sababu alikuwa na kazi niliyomtuma asubuhi.

Alfajiri tulimfuata Tajiri. Mimi nilikuwa na fimbo ya kusukumia mbuzi. Mama Pendo alikuwa na sweta kubwa la marehemu mumewe, mikono ameikunja, anachechemea nyuma yangu. Tajiri alishuka taratibu mpaka kwenye mabua ya kule chini, akainamisha kichwa akaanza kula. Tulijificha nyuma ya jabali. Kulikuwa na baridi. Kwa hasira sikuisikia.

Haikuchukua muda. Tukasikia mluzi. Mwanamume akatokea upande wa mbuga na madumu matupu na tandiko begani. Akaenda moja kwa moja kwa Tajiri, akamkwaruza nyuma ya sikio, akampa chumvi kiganjani, na Tajiri akainua kichwa kama anayemjua. Nilitoka nyuma ya jabali na fimbo juu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kutukana.

Alikuwa Zefania.

Mume wangu! Nilisimama na fimbo hewani.

"Kumbe mmekuja kunisaidia," akasema, uso umemchangamka. "Vizuri. Si ndiyo zamu yako uliyonituma, mke wangu? Maji ya Mama Pendo. Na punda wetu ndiye huyu hapa. Kila mtu anamtaka huyu, mpole, ana nguvu, hana alama ya mtu. Anayewahi ndiye anampata. Tangu jumuiya ianze, maji ya Mama Pendo ni yeye anayabeba."

Nilimwangalia Mama Pendo. Alikuwa ameweka mkono mdomoni.

Zefania wa watu alikuwa Rungwa tangu mwaka unaanza. Hakuwahi kumwona Tajiri zizini kwa Mama Pendo, hata aliporudi, maana punda alitoka alfajiri na kurudi giza likiingia. Na wale wa ng'ambo walikuwa wanajua Mama Pendo ana punda, ndiyo, lakini walijua ni mifupa, maana ndivyo tulivyowasimulia. Huyu alikuwa mnene, na hana mkato sikioni. Wangejuaje? Basi kijiji kizima, kwa upendo, kilikuwa kinamwua punda wa Mama Pendo ili kumpelekea Mama Pendo maji.

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumpiga Zefania, halafu nikataka kujipiga mwenyewe. Mama Pendo alisogea mpaka kwa Tajiri, akaweka mkono kwenye kile kidonda. Kisha akamgeukia mume wangu.

"Shikamoo shemeji," akasema. "Asante kwa maji."

Akachukua dumu moja tupu, akaliweka kichwani, akaanza kutembea kuelekea mbugani. Zefania alinitazama, na nilipomweleza punda yule ni wa nani alikaa chini kwenye mabua kama aliyekatwa miguu.

Jumapili ile, baada ya ibada, Yasinta aliposikia alilia mbele ya watu wote kwa ile sauti yake ya kengele. Wengine walishika vichwa. Shukrani ya punda ni mateke, watu husema, lakini huyu hakumpiga teke hata mmoja wetu, na kama angepiga tungejua mapema. Jioni ile uani kwa Mama Pendo ulipangika mzigo wa mabua mpaka kufikia paa la tembe. Tajiri akafungwa kitambaa chekundu shingoni, na kuanzia siku hiyo hakuna aliyembebesha kitu. Maji tulipeleka kwa punda zetu wenyewe, wenye alama.

Lakini Julai ilikuwa imeshaingia. Mnajua nini maana yake. Nyasi zimekauka, mabua yanakaribia kuisha, upepo unakausha hata midomo. Mnyama anayeingia kiangazi amekonda, hatoki. Gerald alisema ukweli bila kuuzungusha. Kidonda kitapona. Lakini kumrudishia nyama wakati huu mabua hayatoshi, anahitaji nafaka na mashudu, kidogo kidogo, kila siku bila kukosa, mpaka mvua.

"Atapata," Mama Pendo akasema.

Pendo alikuwa anapiga simu kila Jumamosi. Nilikuwa nasikia upande mmoja tu.

"Mzima. Ndiyo, anakula. Ananenepa. Oktoba utamwona mwenyewe."

Na alikuwa anakula. Kila asubuhi nilisikia kinu, na uji wa pumba ukipozwa kwenye karai, na Tajiri akifyonza. Kidonda kikafunga. Agosti mbavu zilikuwa bado vifundo. Septemba, Mama Pendo aliniita nikapapasa, nikasema nadhani, labda, kidogo. Yeye alisema ndiyo. Macho yake yalikuwa makubwa siku hizo, yanang'aa, nikasema ni furaha. Moshi kwake ulikuwa unatoka mara moja tu kwa siku, nikasema anabana kuni. Oktoba ilipoingia na joto lake, joto la kukaanga mbegu, yeye alikuwa bado amevaa lile sweta la marehemu, na mimi, mwenye mdomo wa kuuliza kila kitu, sikuuliza.

Pendo alikuja na gari la kukodi. Nilijua maana ya gari. Alikuwa amejiandaa kubeba vitu.

Tulisimama uani, mimi na Zefania na Yasinta, kama watu wanaosubiri hukumu. Mama Pendo alimtoa Tajiri zizini kwa kamba. Yule punda alikuwa amesimama imara, shingo imejaa, mgongo umenyooka, anatafuna. Pendo alimtazama, akatikisa kichwa kwa mshangao.

"Usimtazame," mama yake akasema. "Mpapase."

Akamfundisha. Ngumi, halafu kiganja. Pendo akaweka mkono ubavuni mwa Tajiri, akaupitisha taratibu kutoka bega mpaka tumboni. Akarudia. Akakunjua kiganja chake mwenyewe, akapapasa mgongo wa kile kiganja, akarudi kwa punda.

"Ametimia," akasema. "Mama, ametimia kweli."

Yasinta akapiga vigelegele. Zefania akavua kofia. Mimi nilikuwa nalia na kucheka, na Pendo akamgeukia mama yake, akafungua mikono yote miwili, akamkumbatia.

Niliona mikono yake ikisimama mgongoni mwa mama yake, juu ya lile sweta. Niliona kiganja kimoja kikishuka pole pole, kutoka begani, kwenda chini, kama kilivyoshuka ubavuni mwa punda. Kikasimama. Kikashuka tena.

"Mama," akasema.

"Tulipatana habari ya punda," Mama Pendo akasema.

Pendo akamfungua vifungo vya sweta hapo hapo uani, mbele yetu, na mama mtu hakuwa na nguvu za kumzuia. Sitawaeleza nilichokiona. Nilisogea nikaweka mkono wangu, kwa sababu sikuamini macho. Vifundo vya ngumi. Kimoja, kingine, kingine, mpaka chini.

Mtama wake wa mwaka mzima ulikuwa umeingia kwenye lile karai. Miezi yote ile kinu nilichokuwa nakisikia asubuhi kilikuwa kinamtwangia Tajiri, na yeye alikuwa anakula kilichobaki kwenye mchi. Tulimpelekea maji kila siku iliyoletwa na Mungu. Tulifika mpaka mlangoni, tukamsalimia, tukauliza punda anaendeleaje. Kijiji kizima kilipitisha mkono ubavuni mwa yule mnyama, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kumgusa yeye.

Hakuna aliyesema neno la kuhama. Pendo alimlipa dereva akamwambia aende zake, na gari likaondoka tupu. Alichinja jogoo aliyekuwa amemleta, akapika, akakaa mbele ya mama yake kwenye kigoda mpaka sahani ikaisha, kidogo kidogo, kama alivyosema Gerald, maana tumbo lililozoea njaa nalo halishindiliwi. Kesho yake alfajiri nilisikia mtu akipita na Tajiri kwenda mbugani, nikachungulia, alikuwa ni Pendo amejifunga kitenge cha mama yake. Cherehani yake ililetwa na basi wiki ile. Iko barazani mpaka sasa, na sare za wanafunzi wa hapa anazishona yeye.

Mvua zimeanza. Tajiri yuko majanini na kitambaa chake chekundu. Mama Pendo bado anafagia kaburini kila asubuhi, na kila jioni mimi napenya penye pengo la ua na sahani, namngoja amalize, halafu nampitishia mkono mgongoni. Ananipiga kofi mkononi, ananiambia yeye si punda. Namwambia anyamaze, bado sijamaliza kuhesabu.